Juti ya Bangladesh, kutoka shambani hadi maabara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Juti ni nini hasa? Ni kweli kwamba ni mlenda?

Nusu ya jibu ni ndiyo. Juti hutoka kwenye mimea miwili ya ukoo wa Corchorus. Mmoja ni Corchorus olitorius, ambao Bangladesh huitwa tosha (jina tu, halina uhusiano na kutosha). Huu ndio mlenda au mrenda unaochumwa majani Tanzania na Kenya, na ndio molokhia ya Wamisri. Mwingine ni Corchorus capsularis, huitwa deshi, yaani wa kienyeji, na majani yake ni machungu. Ukitaka kuitofautisha bila kuuliza mtu, tazama tunda lenye mbegu: la tosha ni refu na jembamba mfano wa bamia changa, la deshi ni la mviringo lenye mikunjo.

Mlenda wa bustanini ulichaguliwa kizazi baada ya kizazi ili utoe matawi na majani. Juti ilichaguliwa ipande juu mita 3 hadi 4 bila tawi, ikiwa imebanwa na wenzake shambani. Nyuzi zimo kwenye gome. Kijiti cha ndani ni bidhaa nyingine, nacho tutakifikia.

Kwa nini Bangladesh?

Mito ya Ganges, Brahmaputra na Meghna hufurika kila mwaka, huacha udongo mpya, kisha hujaza madimbwi ambayo mkulima atayahitaji kuozeshea mavuno ili nyuzi zitoke. India huvuna tani nyingi zaidi, lakini Bangladesh ndiyo inayoongoza kwa kuuza nje juti ghafi. Utafiti wa zao hili ulianza Dhaka mwaka 1936, na taasisi ya leo, Bangladesh Jute Research Institute (BJRI), iliundwa kwa sheria ya mwaka 1974.

Kipi kipandwe, deshi au tosha?

Shamba ndilo linaloamua. Deshi ikishakua huvumilia kusimama majini, hivyo hupandwa mabondeni. Tosha haitaki maji yatuame mguuni, lakini nyuzi zake ni laini, imara na zenye mng'ao wa dhahabu, na bei yake ni nzuri zaidi. Ndiyo maana imechukua sehemu kubwa ya mashamba.

Mbegu za tosha ni ndogo kuliko za deshi, kwa hiyo uzito mdogo hutosha: kilo 5 hivi kwa hekta ukipanda kwa mistari, dhidi ya kilo 6 au 7 za deshi. Ukitawanya kwa mkono ongeza kilo 2. Mistari iachane sentimita 30. Palizi ya kwanza, pamoja na kupunguza miche, ni siku ya 15 hadi 20. Ya pili karibu na siku ya 40, mche na mche ukiachana sentimita 5 hadi 7. Usione huruma kung'oa. Ila usizidishe pia, maana juti iliyopewa nafasi hutoa matawi, na kila tawi ni kifundo kwenye nyuzi.

Nilipanda mapema, ikachanua ikiwa fupi. Kosa lilikuwa nini?

Kalenda. Juti husubiri mchana ufupike ndipo ichanue, na mpaka wake ni kama saa 12 na nusu za mwanga. Mwezi Machi mchana wa Dhaka ni saa 12 tu, ilhali Juni hupita saa 13 na nusu. Tosha ikiota Machi hudhani msimu wa maua umefika, huchanua, hupasuka matawi na kudumaa. Kwa hiyo deshi hupandwa kuanzia katikati ya Machi, na tosha husubiri Aprili.

Hapa ndipo watafiti wa BJRI walipomfaa mkulima moja kwa moja. Mbegu ya O-9897, iliyotolewa mwaka 1987, ni tosha isiyoharakisha maua hata ikipandwa mapema. Wiki mbili tatu zinazookolewa zinaonekana haba, lakini mkulima wa juti hupanda mpunga baada yake shamba lile lile, na wiki hizo ndizo humwezesha kuwahi.

Kama mbegu nzuri zipo nchini, mbona wakulima hununua za India?

Kwa sababu nyuzi na mbegu haziji wakati mmoja. Juti ya nyuzi hukatwa siku ya 110 hadi 120, matunda yakiwa ndiyo kwanza yanafungwa. Ukitaka mbegu lazima uiache shambani hadi Novemba au Desemba, na hakuna mwenye robo ekari atakayekubali kukosa mpunga kwa ajili ya debe la mbegu. Hivyo sehemu kubwa ya mbegu za tosha huvuka mpaka, hasa aina ya JRO-524, na mwaka wa mbegu bandia hasara ni ya mkulima peke yake.

BJRI hufundisha njia mbili za kukwepa tatizo hilo. Ya kwanza ni kupanda kwa kuchelewa, kati ya Julai na Agosti, katika kipande kilichoinuka: mche hukua kidogo, huchanua upesi mchana unapofupika, na mbegu huvunwa mwisho wa mwaka. Ya pili ni kukata ncha za mimea yenye siku 100 hivi, kila kipande sentimita 20 hadi 25 chenye vifundo viwili au vitatu, na kuzichomeka kwa kulaza kidogo kwenye udongo wenye unyevu. Ncha hizo huota, na mwili wa mmea uliobaki huendelea na safari yake ya nyuzi. Njia hii hukwama pale ncha zinapokatwa asubuhi na kupandwa kesho yake zikiwa zimenyauka.

Kwa nini nyuzi zangu ni nyeusi na za jirani zina rangi ya dhahabu?

Mbegu inaweza kuwa ile ile na udongo ule ule. Tofauti iko majini. Wanawake wa pwani wanaofukia makumbi ya nazi watalielewa hili upesi: bakteria hula pektini, ile gundi inayoshika nyuzi na gome, wakaziacha nyuzi zenyewe. Makumbi huchukua miezi. Juti, kwenye maji ya uvuguvugu ya Julai na Agosti, huchukua siku 12 hadi 15. Maji yakipoa mwishoni mwa Septemba ni wiki tatu au zaidi. Bakteria hao hufanya kazi vizuri zaidi maji yakikaribia nyuzijoto 34.

Kwanza panga mimea kwa unene kabla ya kufunga, kwa sababu mwembamba huiva kabla ya mnene. Funga matita yenye kipenyo cha sentimita 20 hivi, yasikazwe sana, maji yapite. Yaache yamesimama shambani siku 3 au 4 hadi majani yapukutike, kwani majani yakiingia majini huyachafua. Kisha simamisha matita kwenye maji yanayofika gotini, shina likiwa chini, siku nyingine 3 au 4. Sehemu ya shina ni nene na ngumu. Isipotangulizwa, juu kutaoza kupita kiasi huku chini gome limeng'ang'ania, na mnunuzi ataikata na kuilipia nusu bei.

Ndipo uyalaze matita kama chelezo, juu uyafunike kwa gugu maji (wa Ziwa Victoria wanalijua), na uyazamishe sentimita 10 chini ya uso wa maji kwa mawe au zege. Hapa ndipo rangi huharibika. Wengi hukandamiza kwa migomba, magogo mabichi au madongo ya tope. Mgomba na miti hutoa tanini, tope lina chuma, na viwili hivyo vikikutana hutengeneza kitu kinachofanana na wino. Nyuzi hutoka kijivu au nyeusi. Maji machache kwa mimea mingi huleta aibu ile ile; katika maji yaliyotuama kadiria uzito wa maji mara 20 ya uzito wa mimea.

Kuanzia siku ya 10 chomoa mimea miwili mitatu kila siku, uoshe, uvute. Nyuzi zikiteleza zenyewe kutoka kwenye kijiti, toa zote siku hiyo hiyo. Ukichelewa siku mbili bakteria wakimaliza pektini huanza kuila nyuzi, na zitakatika mkononi. Ukiwahi mno, vipande vya gome hubaki vimenata.

Rangi iliyokwisha kuharibika hurekebishika kwa kiasi: koroga kilo 1 ya ukwaju katika lita 40 hivi za maji, chovya nyuzi dakika chache, kisha suuza sana. Asidi ya ukwaju huondoa ule wino. Isiposuuzwa huzidhoofisha nyuzi. Anika kwenye fito za mianzi, kamwe si chini. Na usirushie maji kabla ya kupeleka sokoni ili mzani upande. Robota la kusafirisha nje hubanwa hadi kilo 180, na unyevu uliofungiwa katikati huozesha moyo wake huku nje pakionekana safi.

Maji ni haba kwetu. Hakuna njia nyingine?

Ipo, nayo ni ya BJRI: kuvua gome likiwa bichi na kuozesha riboni, yaani vipande virefu vya gome, peke yake badala ya mmea mzima. Ponda kidogo sehemu ya chini ya shina, pitisha mmea kwenye ndoano ya mwanzi iliyochongwa mfano wa herufi U au kwenye mashine ndogo ya rola, uvute; gome hubaki mkononi. Viringisha riboni, uzitie kwenye shimo la mita 6 kwa 2 lenye kina cha mita 1, lililotandikwa plastiki. Ongeza gramu 100 za urea kwa kila kilo 1,000 za riboni ili kulisha bakteria, na ndoo kadhaa za maji yaliyotumika kuozesha juti nyingine, kama vile mtu anavyotia maziwa mgando kidogo ili mengine yagande. Muda na maji hupungua karibu nusu, na nyuzi hutoka bila shina gumu.

Mbinu hii ni nzuri na imeonyeshwa kwa wakulima miaka mingi, lakini wengi hawajaifuata. Gome lazima livuliwe siku ile ile ya kukata, kabla halijakauka na kushika kijiti, na siku hiyo ndiyo vibarua wanapogombaniwa na mashamba yote. Vijiti navyo huvunjika kwenye rola, na vijiti ni fedha. Anayeishi kando ya bwawa hana sababu ya kuhangaika hivyo. Inafaa kule ambako mvua imechelewa.

Nani alisoma jenomu ya juti, yaani seti nzima ya jeni zake, na ilikuwa na maana gani?

Maqsudul Alam, mzaliwa wa Faridpur mwaka 1954, aliyekuwa profesa Chuo Kikuu cha Hawaii. Kabla ya hapo alishiriki kusoma jenomu ya papai Hawaii na ya mpira Malaysia. Aliunganisha Chuo Kikuu cha Dhaka, ambako Profesa Haseena Khan alikuwa ameshatafiti jeni za juti kwa muda mrefu, pamoja na BJRI na kampuni ya programu ya DataSoft. Habari za jenomu ya tosha zilitangazwa bungeni Dhaka tarehe 16 Juni 2010. Ya deshi ikafuata Agosti 2013. Alam alifariki Desemba 2014, na makala ya kisayansi yenye jenomu zote mbili ilitoka katika jarida la Nature Plants mwaka 2017: jeni 37,031 za tosha na 30,096 za deshi.

Kusoma jenomu hakubadilishi mmea. Hukupa orodha ya vipuri. Kipuri kinachotafutwa zaidi ni kinachohusu lignini, dutu inayoupa mmea ugumu. Nyuzi za juti zina selulosi kama asilimia 60 na lignini asilimia 12 hadi 15. Lignini hiyo ndiyo inayokwaruza ngozi na kugeuza gunia njano juani, na ndiyo inayozuia juti kuwa shati. Ukiipunguza kupita kiasi mmea hulala kwa upepo. Kazi iko kwenye kujua jeni ipi inapunguza kwenye nyuzi bila kugusa kijiti.

Shambani, zao linalotajwa zaidi la mradi huo ni BJRI Tosha Pat-8, maarufu kama Robi-1, lililoidhinishwa 2019 likiwa na mavuno ya karibu asilimia 20 zaidi ya mbegu zilizolitangulia. Lakini hata Robi-1 inarudi kwenye swali la juu: nani atazalisha mbegu zake za kutosha?

Na ukungu unaoozesha juti, nao ulisomwa jenomu?

Ndiyo. Mwaka 2012 timu hiyo hiyo ya Alam ilichapisha jenomu ya Macrophomina phaseolina, kuvu anayeozesha shina la juti. Nadhani kazi hii ina faida pana kuliko ya juti yenyewe. Kuvu huyu hushambulia aina zaidi ya 500 za mimea, yakiwemo mahindi, mtama, ufuta na maharage, hasa ukame unapoibana mimea. Ukipasua shina la mtama ulioanguka ukaona vitone vyeusi kama unga wa mkaa, huyo ndiye. Vitone hivyo hukaa udongoni miaka, ndiyo maana kubadilisha mazao peke yake hakumwondoi.

Nimesikia juti imetoa dawa. Ni kweli?

Imetoa mwanzo wa dawa. Mwaka 2021 Haseena Khan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dhaka walichapisha habari za bakteria anayeishi ndani ya mbegu za juti, Staphylococcus hominis, anayetoa kiuavijasumu walichokiita homicorcin. Maabarani kiliua bakteria kadhaa. Kutoka hapo hadi kidonge ni safari ya miaka.

Mfuko wa Sonali ni plastiki au si plastiki?

Si plastiki ya mafuta. Ni mfuko wa utando wa selulosi ya juti, kazi ya Mubarak Ahmad Khan, mwanasayansi aliyetokea Tume ya Nishati ya Atomiki ya Bangladesh, ambako alitafiti juti na polima. Sonali maana yake ni ya dhahabu.

Nyuzi, hata zile chakavu zisizofaa uzi, huchemshwa na kupaushwa hadi ibaki selulosi. Selulosi haiyeyuki majini, kwa hiyo hubadilishwa kikemia kuwa aina inayoyeyuka, ile ile inayotumika kuzitia uzito aiskrimu na dawa za meno. Huchanganywa na kiunganishi, humwagwa ikiwa uji juu ya bapa, hukaushwa kuwa utando, hukatwa na kufungwa pembeni kwa joto. Kiasi cha kiunganishi ndicho huamua mfuko utavumilia maji kwa muda gani: kidogo mno unalegea mvuani, kingi mno unachelewa kuoza.

Uzalishaji wa majaribio ulianza 2017 katika kiwanda cha Latif Bawany, Demra, pembezoni mwa Dhaka. Haujawa mfuko wa kila duka. Kukausha utando kunakula muda na nishati, mashine zilibidi zibuniwe upya kwa kuwa za plastiki hazifai, na bei ni kubwa kuliko ya polithini. Zaidi ya hapo, Julai 2020 serikali ilifunga viwanda vyake vyote 25 vya juti, na kiwanda mwenyeji kilikuwa mojawapo.

Soko halikukosekana. Bangladesh ndiyo nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku mifuko myembamba ya polithini, mwaka 2002, baada ya kuona ilivyoziba mifereji wakati wa mafuriko. Kenya ilifuata 2017 na Tanzania 2019. Lakini marufuku bila mbadala wa bei nafuu hurudisha polithini kwa mlango wa uani, na hata ile mifuko mbadala iliyozagaa kwetu, inayofanana na kitambaa, mingi ni polipropilini, yaani plastiki.

Vijiti vinatumika wapi?

Kijijini ni kuni, ua na kuta. Mkemia Qudrat-e-Khuda (1900–1977), aliyeanzisha maabara za sayansi na viwanda Dhaka mwaka 1955, ndiye aliyeonyesha vinaweza kusagwa, kuchanganywa na gundi na kubanwa kuwa mbao za samani. Kati ya hataza (haki za uvumbuzi) zake 18, 9 zilihusu juti. Siku hizi vijiti huchomwa pia kuwa mkaa laini wa kuuza nje.

Kuna pia Jutin ya Mubarak Khan: kitambaa cha juti kilicholoweshwa rezini ya poliesta kuwa bati la mawimbi. Haishiki kutu na nyumba haichemki kama chini ya bati la chuma. Rezini yake, hata hivyo, ni ya mafuta, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba inaoza.

Naweza kulima juti ya nyuzi Afrika Mashariki?

Itaota. Tatizo ni ule mpaka wa saa 12 na nusu. Kisumu, karibu kabisa na ikweta, mchana hauachani na saa 12 kwa zaidi ya dakika chache mwaka mzima, na Dar es Salaam ni Desemba tu ndipo unapokaribia mpaka huo. Juti itachanua ikiwa changa na kukupa nyuzi fupi zenye vifundo. Ndiyo sababu mlenda wako wa bustanini huwahi kutoa maua. Kwa magunia, ukanda huu una katani.

Gunia la juti nililonunua kwa kahawa linanuka mafuta ya taa. Lina kasoro?

Kasoro haipo kwenye juti. Nyuzi ngumu hulainishwa kiwandani kwa mchanganyiko wa maji na mafuta, kisha hurundikwa siku moja mbili ziive kabla ya kuchanwa na kusokotwa. Mafuta ya kawaida ya kazi hiyo ni ya petroli, na harufu yake hupenya kwenye punje. Viwanda vinavyotengeneza magunia ya chakula hutumia mafuta ya pumba za mpunga badala yake. Kipimo kinachotambulika ni IJO 98/01, cha lililokuwa Shirika la Kimataifa la Juti, kinachotaka mabaki ya mafuta yasiyogeuka sabuni yasizidi miligramu 1,250 kwa kilo ya gunia.

Agiza kwa jina la kipimo hicho na uone cheti cha maabara cha shehena hiyo hiyo, si cha mwaka jana. Kabla ya kulipa, fungia kipande cha gunia kwenye chupa safi yenye kifuniko, iache juani saa moja, kisha uifungue na kunusa. Kuanika magunia hupunguza harufu siku mbili tatu, halafu hurudi yakirundikwa ghalani. Yaliyokwisha kununuliwa yatumie kubebea mkaa.